Gesi Iliyopungua Njiani

Shinikizo kwa ujazo, zao lake ni lilele,
joto ndilo lake chanzo, likipanda huwa tele,
chembe hazina kikwazo, nukta zisizo ndwele,
hazijui hata wazo la kupendana milele.

Hivyo ndivyo nilivyokariri chuoni Trondheim,
vina vimejipanga kama vijiko kabatini.
Kisha nikaajiriwa Rogaland, mtambo wa gesi,
pale bomba linapozama baharini kwenda Ujerumani,
na Sigbjørn Haukås, akimenya yai juu ya jedwali la kanieneo,
akaniambia: "Ubeti huo ni wa chumba kitupu."

Februari Wajerumani wakaandika.
Mliyosema mmetuma na tuliyopokea havilingani.
Nusu ya asilimia.
Lakini nusu ya asilimia ya mto
ni kijito, na kijito kina mwenyewe.
Meneja akashusha roboti, ikatambaa sakafu ya bahari
siku tisa, ikitafuta mapovu.
Ikaleta picha ya chewa amelala ubavuni mwa chuma,
na kiatu kimoja cha mpira.
Mapovu, hakuna.
Mtu wa uhasibu akalitamka neno wizi,
taratibu, kama anayeonja supu.

Sigbjørn alibakiza siku kumi na moja astaafu.
Akanishika mkono hadi kantini, saa tano na nusu, watu watatu tu:
kila mmoja alikoangukia ndiko alikokaa.
"Hawa wanautii ubeti wako. Subiri."
Saa sita wakaingia tisini, na makoti ya theluji.
"Sasa hesabu. Kiti chenye mtu si nafasi tena,
kwa hiyo toa miili yao kwenye ujazo.
Na waangalie mafundi wa kuchomelea,
walivyovutana meza moja, vichwa karibu vigongane:
nani ameuegemea ukuta?"
Hakuna.
"Ndiyo sababu ukuta unasema shinikizo ni dogo.
Ukuta hausemi uongo. Haujui tu
kwamba ndani watu wanapendana."

Usiku ule nikaufungua mlinganyo wetu wa hali,
ule wa kweli, wenye mabano na vipeo,
uliokuwa ukikokotoa tangu sijaanza shule.
Methani, sawa. Ethani, sawa.
Kila gesi na umbo lake, kila gesi na mvuto wake,
na chini yake jedwali dogo la mvuto wa jozi:
nani na nani wanapokutana hukutanaje.
Kati ya ethani na hewa ukaa
mtu alikuwa ameandika sifuri.
Kisima cha zamani hakikuwa na hewa ukaa ya kutajika.
Kisima kipya kinayo.
Miezi minne zimekuwa zikisafiri pamoja gizani,
kwenye baridi ya nyuzi nne,
zikibanwa bega kwa bega,
na sisi juu tukizihesabu kana kwamba tabia zao tunazijua.

Asubuhi nikamwonyesha.
Akavaa miwani, akavua, akavaa.
"Mwandiko huo ni wangu," alisema. "Mwaka wa tisini na nne.
Tulikuwa na haraka."
Kisha: "Andika namba."
Nikaandika namba, ndogo, sifuri nukta moja na kitu.
Msongamano ukajirekebisha kwenye kioo,
na gesi yote iliyoibwa ikarudi
bila hata molekuli moja kusogea.
Haikuwa imetoka.
Haikuwahi kuwepo.

Ijumaa tukala keki ya lozi, meneja akahutubia,
mtu wa uhasibu akapiga makofi kuliko wote.
Sigbjørn akasimama peke yake karibu na dirisha
hadi Torgunn wa maabara alipomvuta kwa mkono wa sweta.

Bado kuna tofauti.
Sehemu mbili katika elfu kumi, kila siku, na haipungui.
Nimejaribu milinganyo mitatu.
Ameniachia daftari lake, na ndani yake, ukurasa wa mwisho,
hakuna kitu isipokuwa alama ya kikombe.
Nimeinuka. Saa sita imefika.
Naenda kukaa na watu.